Dumu la Maji Matamu

Sabuni ilikuwa imeshindwa na wino mweusi wa fulana, kwa hiyo mwosha fremu za kuchapia akafanya wanavyofanya wote wa sinkini: akajimiminia kiyeyusho viganjani, akajisugua mpaka viwikoni. Wino ukaachia kama masihara. Hakikuwasha wala kuunguza. Kilinukia utamu kidogo, ndiyo maana wakakiita maji matamu. Kiliyeyusha mafuta, kikachanganyika na maji, na kwenye ngozi kikapenya kimyakimya. Hilo la mwisho hakuna aliyewaambia.

Wanawake wote watatu wa sinkini walikuwa wameharibikiwa na mimba. Yeye, mara mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeanza kucheza tumboni, na safari hii akapiga moyo konde, akamfuata msimamizi wa karakana.

“Bosi, naomba unihamishie kwenye kukunja fulana mpaka nijifungue.”

“Kwani unaumwa?”

“Siumwi. Ila sisi wa sinkini mimba zetu zinatoka.”

“Mambo ya vitandani kwenu usiniletee hapa,” msimamizi akacheka. “Glavu si mlipewa?”

“Tulipewa walipokuja wakaguzi. Walipoondoka, mkazikusanya.”

Kicheko kikakatika. “Dada, nje ya geti kuna wanaolililia sinki hilo.” Kisha akalisukuma kwa mguu dumu tupu la kiyeyusho. Madumu hayo walipewa wafanyakazi wasio na maneno mengi. “Kampe mama mkwe atekee maji.” Ukarimu ulioje!

Mama mkwe alilipokea kwa vigelegele, maana ndoo yao ilikuwa na ufa. Akalisuuza, akalijaza bombani, akammiminia mkwewe kikombe.

“Kunywa, mwanangu. Mjukuu wangu ana kiu.”

“Mama, yananukia dawa ya kazini.”

“Nimelisuuza weee! Kwani hiyo dawa ni sumu?”

Mume, ambaye kazi zilikuwa zimempiga chenga mwaka mzima, akainua macho. Mke akamtazama mume, akakitazama kikombe. Akisema ndiyo, hawatamruhusu kurudi sinkini, na sinki ndilo lililowalisha wote mle chumbani.

“Si sumu, mama.”

“Basi kunywa.”

Akakipeleka kikombe mdomoni. Mama mkwe alisimama palepale, mkono ameunyoosha, akingoja kirudi kitupu.