Benchi la Mwenyekiti

Chama kilizaliwa juu ya benchi. Seremala alilitengeneza kwa mbao ngumu, refu la kukaa watu wanane, na mkewe, mwalimu wa chekechea, akasema hapa hakuna kiti cha mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mwenyewe. Alikaa katikati, kabanwa kati ya fundi viatu na mama muuza mkaa, na kila kikao alikifungua kwa swali moja: "Nani ana shida leo?" Mwenye shida akipatikana, kikao kinavunjwa, watu wanamwendea. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Ya pili haikuwahi kuwapo.

Wakubwa wa chama tawala walicheka. Chama cha wilaya moja! Lakini kilichimba kisima, kikajenga vyoo vya shule, na siku ya kura kikazoa viti saba vya udiwani. Kicheko kikawakauka midomoni. Wakaanza kuwanyakua madiwani mmoja mmoja, huyu kwa cheo, yule kwa gari. Mwalimu alipougua, hospitali ya wakubwa hao haikuwa hata na oksijeni. Siku arobaini za msiba wake hazijaisha, diwani wa mwisho naye akapewa gari, akahama. Huyo alikuwa Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajui kunyamaza. Seremala aliapa hatampa mkono.

Ndipo ikaja barua ya msajili wa vyama. Mkaguzi angefika Alhamisi saa nne asubuhi. Asipokuta ofisi na viongozi watano, chama kinafutwa.

Alhamisi seremala alifagia chumba mara mbili. Saa tatu na nusu viongozi wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, yeye wa tano. Chama hicho tu ndicho mkewe alichomwachia, na hakuwa tayari kukizika pia.

Mama muuza mkaa akaingia anahema. "Ukuta wa Kinanda umeanguka kwa mvua! Boriti inaning'inia, na mama mkwe wake yumo ndani, kitandani!"

"Akaliambie gari lake limshikie paa," seremala akasema.

"Shemeji," fundi viatu akasema taratibu, "mwenye shida si ndiye huyo kapatikana?"

"Usinianze."

"Sijakuanza. Mwalimu mwenyewe angeuliza."

Seremala akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango. Akawatukana wakubwa wote kwa vyeo vyao, kisha akainuka. "Bebeni na benchi. Mbao nyingine ya urefu huo hakuna mtaa huu."

Walilisimamisha wima chini ya boriti, likaishika. Bibi akatolewa nje juu ya mkeka, analalamika kuwa wanamtikisa. Kinanda alisimama mikono kichwani.

Mkaguzi alikuta mlango wazi na ufagio. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya kufuta chama. Seremala aliisoma kwa kidole, neno kwa neno: hakuna viongozi, hakuna hata pa kukaa.

"Waongo wakubwa," akasema, "ila leo wamesema kweli."

Alikuwa hajaikunja barua Kinanda alipofika, ukuta wake umeshajengwa, yeye na fundi viatu wamebeba benchi. Wakaliweka pale pale pa zamani. Kinanda akajibwaga katikati.

Seremala alifungua mdomo amfukuze.

"Sogea," akasema. "Hapo anakaa mwenyekiti."

Kinanda akasogea.