Nani Amekwenda kwa Mzee Herufi?

Mimi ni mtu wa kufoka, na sijifichi. Mungu mwenyewe anajua, maana kila nikipiga magoti hilo ndilo la kwanza tunalozungumza. Kwa hiyo siku niliposema kwenye kikao cha akina mama wa kanisa kwamba tumwombee mzee Herufi, wenzangu walitazamana. Walijua kuwa mimi na huyo mzee hatupikiki chungu kimoja.

Herufi ni mwandishi wa mabango. Tangu ujana wake kazi yake ni ngazi, brashi na makopo ya rangi, na ndiye aliyeandika bango la duka langu la kushonea nguo. Bango lilipokauka akaniletea kitambaa cha suruali nimshonee. Nikamwambia aje kesho. Akaja kesho mara tisa. Mara ya kumi duka limejaa wateja, akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Bango nilikosea. Nilipaswa kuandika Njoo Kesho." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Njoo Kesho, hata watoto wa shule ya Jumapili. Miaka miwili sikumpa salamu.

Kisha sukari ikamshika. Alijikwaa kidole, kidonda kikakataa kupona, akaacha kupanda ngazi, akajifungia ndani. Hana mke, hana mtoto. Nilisikia yote hayo. Chumba chake kimeegemea ukumbi wa kanisa upande wa nyuma, si mbali na cherehani yangu. Moyo ukaniambia, nenda kamwone. Mdomo ukajibu, nikamwone kwa lipi alilonitendea? Ndipo nikapata njia ya katikati. Mimi ndiye katibu wa akina mama, daftari la maombi ninalo mimi, nikamwandika. Namba nne: mzee Herufi, mguu. Nilijisikia mwepesi kabisa, kama mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.

Daftari letu lina utaratibu wake. Kila Jumatano saa kumi alasiri nasoma majina, moja moja, na akina mama wanaitikia, "Bwana, mkumbuke." Halafu Mwenyekiti anasema wenye nafasi wakawatembelee wagonjwa, tunaimba, tunatawanyika. Wiki sita tulimtaja Herufi hivyo. Kuna Jumatano Mama Mapacha alilia kabisa alipotajwa, mpaka tukampa leso.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi nesi wa zahanati alikuja kupima sare yake. Ni binti mdogo, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama wima, na usivute tumbo ndani, utanidanganya."

Nikaanza kubana pindo, pini nne mdomoni. Yeye akauliza, "Mama, yule mzee wa mabango anaendeleaje?"

"Yupo."

"Wiki ya tatu hii hajaja kusafishwa kidonda. Mara ya mwisho vidole vilikuwa vimeanza kuoza. Kesho daktari wa vidonda yupo, na asipomwona kesho sijui. Ikipanda juu, mguu unaondoka. Ikipanda zaidi, mwenyewe anaondoka." Akageuka kunitazama. "Lakini alituambia tusiwe na wasiwasi, watu wa kanisani wanamwangalia. Si ndio ninyi?"

"Ndio sisi," nikasema. "Tunamwangalia."

Nilisema uongo huo na pini mdomoni, na ajabu hazikunichoma.

Nesi alipoondoka nikarudi kwenye majoho ya kwaya. Nilikuwa na sita ya kumaliza kabla ya Jumapili. Nikakanyaga cherehani, nikasimama. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikakunywa maji bila kiu. Nikakaa tena, nikashona mkono wa joho penye tundu la shingo, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikafunga duka saa nne ya asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu nimzike mume wangu, nikaenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti anauza viatu vya mitumba. Nilimkuta anavilinganisha, kushoto na kulia.

"Nani amekwenda kwa mzee Herufi?" nikamwuliza, hata salamu sikutoa.

"Si Mama Mapacha? Alilia sana."

Nikaenda kwa Mama Mapacha. Alikuwa anaanika nguo. "Mimi? Mimi nina watoto wawili wananivuta sketi. Nilisikia wamekwenda watu wa kwaya."

Nikaenda kwa kiongozi wa kwaya. Akaniuliza kwanza habari za majoho. Kisha akasema, "Kwaya? Sisi tulijua ni wewe, katibu. Si uko karibu naye?"

Basi. Nilizunguka mtaa mzima nikarudi kwangu mwenyewe. Watu ishirini na watatu tulimwombea yule mzee, na kila mmoja alikwenda kulala akiwa na hakika kwamba mwenzake amempelekea uji. Nilitaka kuwafokea wote, nikakosa pa kuanzia. Jina lile nililiandika mimi, na nililiandika ili nisiende.

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Nikapiga hodi, nikasukuma. Harufu ilinipokea kabla ya mwenyewe. Chumba kimoja, kitanda, stuli, makopo ya rangi yamepangwa ukutani kwa utaratibu, brashi zote zimeoshwa. Herufi alikuwa amekaa kitandani, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Mguu ulikuwa umeviringishwa shati kuukuu.

"Njoo Kesho," akasema. "Leo umekuja leo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kwa nini hukwenda zahanati?"

"Kwa mguu gani?"

Nikachemsha maji kwenye jiko lake, nikapiga magoti, nikafungua lile shati. Sitaeleza nilichokiona. Nilitoka nje nikatapika penye ngazi yake, nikasukutua, nikarudi ndani. Hakunicheka. Aligeuza uso akatazama ukuta, na niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiona haya mbele yangu.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari," nikasema.

"Kesho," akasema. "Haya."

Usiku ule sikulala vizuri, na kulipopambazuka tu nilikuwa kwa Mwenyekiti, nikamwambia autoe mkokoteni wake wa kubebea marobota ya viatu. Hakuuliza kitu. Alikuja nao mwenyewe, amefunga kanga kiunoni, na macho yake yalionyesha kuwa naye hakulala. Tukamlaza mzee juu ya magunia, Mwenyekiti akivuta mbele, mimi nikisukuma nyuma. Zahanati iko juu ya mwinuko. Herufi njia nzima anakosoa mabango ya wenzake. "Nani kaandika lile? Mkono ulikuwa unatetemeka. Hebu simameni kidogo nilione vizuri." Mwenyekiti akamwambia akitaka kusimama ashuke atembee. Akanyamaza hadi kona iliyofuata.

Daktari alikuwa mtu mzima, mkavu, asiye na maneno mengi. Akaufungua mguu, akaubonyeza huku na huku, akavua glovu, akatutazama sote watatu.

"Vidole viwili vimekufa, leo naviondoa. Hilo halina mjadala. Mguu wenyewe naweza kuuacha, ila utataka kuoshwa na kufungwa kila siku, asubuhi na alasiri, miezi miwili. Hapa hatuna kitanda cha kumlaza muda huo. Wakimsahau siku mbili tatu, sumu itaingia kwenye damu na mtanialika mazishini. Nikiukata chini ya goti, atapona upesi na hatahitaji mtu sana. Nani atamwosha?"

"Kanisa lipo, daktari," akasema Mwenyekiti.

"Habari ya kanisa mzee aliniambia tangu mwanzo. Mguu ndio huu mnauona. Nataka mtu mmoja mwenye mikono miwili."

Nesi, yule yule wa sare, alikuwa amesimama na trei, ananitazama. Nilitazama sakafu. Nasema kweli mbele za Mungu, niliomba, na nilichoomba ni kwamba Mwenyekiti aseme "mimi." Nilifikiria duka. Nilifikiria ile harufu, mara mbili kwa siku, miezi miwili. Nilifikiria watu wakiniona naingia kwa mzee aliyenifanya kichekesho. Herufi alikuwa ameshika goti lake kwa mikono yote miwili, pale chini ambapo daktari alisema atakata, kama mtu anayeshikilia mali yake isiibiwe.

"Mimi," nikasema.

Herufi akainua kichwa. "Huyu? Daktari, kata."

Nesi akacheka mpaka trei ikatikisika. Hata daktari mdomo ulimcheza. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alinivuta mkono wa gauni, akashusha sauti. "Mama, mguu huu ndio wa kupandia ngazi. Kama hutaweza, sema sasa hivi. Sitakulaumu. Ila usiseme utakuja halafu nikae nikusubiri."

"Nitakuja."

"Kila siku?"

"Mzee, nimesema nitakuja, usinitie hasira."

Jumapili kwaya iliimba watatu wakiwa na majoho mapya na watatu ya zamani. Kiongozi wa kwaya alinijia baada ya ibada amevimba. Nikamwambia nina mguu wa kuosha, na kama anayataka majoho upesi aje yeye akauoshe, mimi nishone. Akasema hakuna haraka.

Sikugeuka malaika. Asubuhi nilikwenda nikinuna, alasiri nikinuna. Herufi alinisimamia kama ninapaka rangi ukuta wake: bendeji imelegea, maji ya baridi, hapo umeruka. Siku moja nilimwambia angenipa mdomo wake niushone badala ya suruali. Akasema uzi usingetosha. Ile suruali, nikwambie, niliimaliza, na nilipomvisha ilimpwaya kiunoni kwa sababu mwenye kiuno nilimwacha akonde. Hilo halikuwa la kucheka, na hatukucheka.

Jumatano ya pili tangu tutoke zahanati, saa kumi ilinikuta kwake. Daftari nilikuwa nimempa Mwenyekiti asome badala yangu. Nilikuwa kwenye stuli, mguu wa mzee mapajani mwangu, na nilikuwa na furaha, maana kidonda kilikuwa kimetoa damu kidogo, nyekundu safi. Nesi alinifundisha kwamba damu hiyo ni habari njema, nyama hai inarudi. Nikamwonyesha. Akainama akaangalia muda mrefu. "Basi nitapanda," akasema.

Ndipo nikawasikia. Sikuwahi kukaa upande ule wa ukuta wa ukumbi saa ile. Kila neno lilipita kana kwamba wamekaa kitandani pamoja nasi. Viti vilivutwa, wakakohoa, Mwenyekiti akaanza kusoma. Namba moja. Namba mbili. Namba tatu.

"Mzee Herufi, mguu."

"Bwana, mkumbuke," wakaitikia wote.

Mikono yangu ikasimama. "Ulikuwa unasikia?"

"Kila Jumatano."

"Wiki zote zile?"

"Wiki zote." Alisema bila hasira, kama anayenieleza njia. "Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Nikavaa shati. Mlipomaliza wimbo wa mwisho nikajivuta mpaka mlangoni, nikafungua komeo, nikarudi kukaa, msije mkasumbuka kunisubiri nifungue. Nikasikia viatu vyenu vinapita hapa nje. Nikasema labda wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikafungua tena." Akajikuna kidevu. "Baadaye nikaacha kulifunga kabisa. Kwenda na kurudi kulikuwa kunaniumiza."

Nililia, tena vibaya, makamasi na yote, juu ya ule mguu wake. Nikamwambia anisamehe, kwamba ni mimi niliyemwandika, kwamba nilimwandika ili nisimwone. Akasema alijua. Akasema nifunge bendeji kwanza, chumvi ya machozi inawasha.

Kule ng'ambo wamefika namba tano, mama mmoja mgonjwa wa mgongo anayeishi jirani na kisima. Bwana, mkumbuke. Na mimi nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga kwa yule mama. Damu ikanipanda. Nikauweka mguu wa mzee juu ya mto taratibu, nikasimama, nikagonga ukuta kwa ngumi mara tatu.

"Namba nne yuko hapa," nikasema kwa sauti yangu ile ya sokoni. "Njooni mumwone. Na tukitoka hapa twende kwa namba tano."

Nikasikia mtu ng'ambo anauliza ni nani huyo, na Mwenyekiti anajibu kuwa ni katibu. Kisha viti vikaanza kuvutwa, kimoja, viwili, vyote, na viatu vikaja huku kwetu.

Herufi alikuwa amekwisha kukamata shati, anafunga vifungo haraka haraka na vidole vinamkataa. Akatazama kitanda chake kimoja na stuli yake moja.

"Watakaa wapi?" akaniuliza.

"Watasimama," nikamwambia, nikaenda kufungua mlango.