Televisheni Iliponyamaza

Siku ya kumi na moja tangu televisheni inyamaze, Emérithe alivificha viatu vya mumewe ndani ya mashine ya kufulia, akachukua mkoba wake, akatoka.

Hakuwa mwanamke wa kufanya jambo kama hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Spånga, na hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumfichia viatu. Lakini kumwacha Évode na viatu ilikuwa kumfungulia njia, na kwenda naye hakukuwezekana, kwa maana tangu kiangazi mzee alikuwa akiogopa ngazi za umeme.

Évode alikuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole. Ulianza kumnyang'anya Kiswidi, ukaja kuchukua Kifaransa, ukamwachia Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikozaliwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alibonyeza kitufe chekundu cha rimoti, akaketi mbele ya chaneli ya Kiswahili mpaka jioni. Msomaji wa habari akisema "Habari za wakati huu", Évode alimjibu, "Nzuri, binti yangu, lete." Hapo Emérithe alipata kupika, kupiga pasi, hata kufumba macho kidogo.

Kisha ikaja barua ya kampuni ya kebo: chaneli za Kiafrika zinaondolewa. Emérithe alipandwa na hasira. Siku hiyo hiyo alipiga simu akakata huduma yote ya televisheni, akakitia king'amuzi chao ndani ya boksi, akakirudisha kwa posta. Hasira hasara, na hasara hii haikukawia.

Mchana wa kwanza Évode alibonyeza, akabonyeza tena. Kioo kikabaki cheusi.

"Redio imenyamaza," alisema.

"Ni televisheni, Baba Mélissa. Imekatwa. Tutapata nyingine."

"Imekatwa?" Sauti yake ilishuka ikawa ya kunong'ona. "Nani ameikata?"

Hapo Emérithe akaelewa. Asubuhi ile ya Oktoba mwaka tisini na tatu, wanajeshi walipopindua serikali kule Bujumbura, redio ya taifa ilinyamaza hivyo hivyo. Majirani walisimama milangoni na viredio vyao wakizungusha vitufe, wakisikia mikwaruzo tu. Kabla wiki haijaisha, Ephraim, mdogo wake Évode, alikuwa ameuawa. Évode alikuwa amesahau jina la mjukuu wake, amesahau njia ya kwenda bafuni, lakini hilo hakulisahau.

Tangu siku hiyo, kila giza la saa tisa na nusu lilipoanza kushuka juu ya maghorofa ya Hagsätra, alivaa koti akasimama mlangoni. "Twende, mke wangu. Wakishanyamazisha redio, wanakuja."

Emérithe alimpigia binti yao. Mélissa alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, akiwa kazini, akamwambia mama asihangaike, siku hizi nani anatumia kebo, ataagiza kitu kwenye intaneti. Siku ya nne kikaja kijiti kidogo kama kiberiti, cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Emérithe alikichomeka. Kiliomba mtandao, kikaomba anwani, kikaomba neno la siri, kikatuma namba kwenye simu na kuidai tena. Saa mbili zilipita. Mwishowe kioo kikawaka rangi, na katikati yake maandishi makubwa: *Vem tittar?*

"Wanasema nini?" aliuliza Évode.

Kwa uchovu, bila kufikiri, Emérithe akamtafsiria. "Wanauliza nani anatazama."

Évode alimshika mkono kwa nguvu ambazo Emérithe alidhani zimekwisha zamani. "Usiwape majina," alisema. "Mungu wangu, usiwape majina yetu." Kisha akakichomoa kijiti na kukitupa chini, akakikanyaga.

Siku ya saba Emérithe alikwenda mwenyewe kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme. Ukuta mzima ulijaa maboksi madogo meusi, yote yakifanana. Muuzaji, kijana mpole, alimwuliza ana simu ya aina gani, amejiunga na huduma zipi, anataka picha ya ubora gani. Emérithe alitaka kusema: nataka kitu kitakachozungumza na mume wangu kabla hofu haijazungumza naye. Kiswidi chake, kilichomtosha miaka yote, hakikuwa na njia ya kulisema hilo. "Kilicho rahisi," alisema tu.

Muuzaji akampa cha kuamrishwa kwa sauti. Unasema tu, kinafungua.

Jioni hiyo Emérithe alilitamka jina la chaneli. Mashine ikajibu kwa sauti laini ya kike kwamba haijaelewa. Akarudia. Haijaelewa. Akasema kwa Kiswidi, kwa Kifaransa, akapandisha sauti, na mwisho alikuwa amesimama katikati ya sebule akiipigia televisheni kelele na machozi yakimtiririka. Alipogeuka, kiti cha Évode kilikuwa kitupu. Alimkuta bafuni, amejikunja nyuma ya mlango, mikono kichwani. Alikuwa amesikia mkewe akimpigia kelele mtu asiyeonekana, na kwake maana ilikuwa moja: wamekuja.

Usiku huo hakuna aliyelala, wala siku zilizofuata.

Ndiyo sababu siku ya kumi na moja aliificha ile jozi ya viatu, akaenda Sundbyberg kwa Januari, Mtanzania wa kanisani kwao mwenye kibanda cha kutengeneza simu na televisheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Nimefika mwisho."

Januari alimvutia kiti. Hakumwuliza habari za mtandao wala ubora wa picha. "Mzee akikaa mbele ya televisheni, anafanya nini kwanza?"

"Anabonyeza kitufe chekundu."

"Halafu?"

"Halafu anangoja aambiwe kitu."

Januari alivisukuma kando visanduku vya kung'aa, akatoa kimoja cha kawaida chenye rimoti nene ya kitufe chekundu. "Hiki hakina mbwembwe, mama. Lakini nikikipangia chaneli moja, kikiwashwa kitafungua hiyo hiyo. Hakitamwuliza mtu swali. Nipe nusu saa."

Nusu saa ikawa saa nzima na ushee. Emérithe alipiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alisimama.

"Niwekee kwenye mfuko kama kilivyo."

"Kimekwisha, mama. Kina laini yake ya mtandao ndani. Chomeka tu."

Alikimbia hadi kituoni. Ndani ya treni ya pili, ile ya kwenda Hagsätra, hakuketi. Alisimama mlangoni akihesabu vituo, akisali kwa sauti bila kujali nani anamtazama. Akilini alimwona Évode barabarani, alimwona kwenye maji, alimwona amelala chini ya miti watu wakimpita.

Hagsätra ni mwisho wa reli. Treni ilisimama, milango ikafunguka, na kabla hajashuka alisikia makelele kutoka treni ya upande wa pili, iliyokuwa tayari kuondoka. Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, mgongo kwenye ubavu huu na mikono kwenye ubavu wa pili, akiuzuia mlango usifungwe. Abiria walinung'unika. Dereva, mwanamke aliyevaa fulana ya njano, alikuwa akimbembeleza kwa Kiswidi.

"Haiondoki!" Évode alimjibu kwa Kiswahili. "Mke wangu bado hajafika!"

Miguuni alikuwa na soksi za sufu, zimelowa theluji mpaka vifundoni. Koti lilifungwa vifungo upande. Kwenye mkono alitundika mfuko wa plastiki, na Emérithe aliposogea aliona kilichomo: pakiti ya mchele, kiberiti, na kitenge chake yeye Emérithe, kile cha kijani. Chake mwenyewe hakuchukua hata kimoja.

"Évode."

Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Mama, samahani. Umemwona mke wangu? Ni mfupi, jina lake Emérithe. Nilimwambia twende, sijui amebaki wapi."

Emérithe alihisi kitu kikikatika ndani yake. Miaka arobaini na moja ya ndoa.

"Nimemwona, baba," alisema. "Ametangulia. Amesema nikupeleke."

"Yu mzima?"

"Mzima kabisa."

Mikono ya Évode ikashuka. Mlango ukafungwa, treni ikaondoka. Emérithe alivua skafu yake akamfunga miguu, wakatembea taratibu hadi nyumbani, yeye akijibu maswali kuhusu mke huyo: ndiyo, amekula; ndiyo, ana sweta.

Alipomkausha na kumvika soksi nyingine, alichomeka kile kisanduku. Évode akabonyeza. Kwa muda kioo kikabaki cheusi. Kisha msomaji wa habari akatokea, akisema mambo ya bei ya korosho na daraja lililofunguliwa mahali fulani. Évode akaegemea kiti. Hakumjibu msomaji, lakini mabega yake yakalegea, na baada ya dakika chache akaomba chai.

Aliiomba kwa adabu ile ile ya kituoni. "Ahsante, mama," alisema alipopewa. Hakumwita tena "mke wangu" jioni ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Jumatatu, habari za saa saba zikisomwa, Emérithe alikwenda jikoni akapiga simu kwenye ofisi ya manispaa. Mara mbili walikuwa wamempa Évode nafasi katika kituo ambako wazee hushinda mchana, na mara mbili Emérithe alikataa, akisema mume wake hatatunzwa na wageni. Afisa aliuliza ni siku ngapi kwa wiki. Emérithe alikuwa amejiandaa kusema moja.

"Tatu," alisema, akakaa chini sakafuni, akalia mpaka afisa akamwuliza kama bado yupo.