Picha ya Pili

Mgeni namba 3107 aliingia kwenye tovuti saa kumi na moja na dakika nne alfajiri, kama kawaida yake. Hakugusa ukurasa wa mishahara, hakugusa ukurasa wa nchi, wala hakutaka kujua ofisi inafunguliwa saa ngapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye "Mabinti Wetu", akakaa hapo dakika ishirini na mbili, akatoka. Ilikuwa siku ya thelathini na moja mfululizo.

Tarakimu aliyasoma hayo saa mbili na nusu, akiwa amekaa juu ya katoni. Kiti chake kilichukuliwa wiki iliyopita na mtu wa mauzo, ambaye ana mkataba, na mwenye mkataba hakai juu ya katoni. Meza yake ilikuwa ndani ya stoo, kati ya rafu za sare za buluu na ndoo za deki, na kila mfagizi alipotaka ndoo ilibidi ainuke ampishe. Jina la Tarakimu alipewa na mkurugenzi siku ya kwanza, kwa kuwa mkurugenzi hakutaka kujisumbua kushika jina la mtu wa majaribio. Majaribio yenyewe yalikuwa ya miezi mitatu. Yalishaongezwa mara mbili, kila mara kwa barua iliyoanza na "tunayo furaha kubwa". Mkataba ungekuja na bima ya matibabu, na binti yake wa miaka mitano alikuwa na pumu iliyomlaza ameketi, kaegemea mito miwili. Hicho tu ndicho alichokifuata pale. Mengine yote aliyaona akayameza.

Kampuni ilikuwa wakala wa kupeleka wasichana ng'ambo kufanya kazi za ndani. Wenyewe hawakusema hivyo. Walisema "Tunaunganisha ndoto na fursa", maneno yaliyobandikwa ukutani mapokezi kwa herufi za rangi ya dhahabu, mbili kati yake zimeshabanduka na hakuna aliyejali kuzirudisha. Kazi ya Tarakimu ilikuwa kuangalia nani anafungua tovuti, kutoka mji gani, kwa simu ya aina gani, anabofya nini, anaganda wapi na anakimbia wapi, kisha kuwaambia wakubwa la kufanya ili mtazamaji ageuke mwombaji. Kila Jumatatu alisimama mbele ya ukuta na grafu zake, na watu sita waliokaa walimsikiliza huku wakitafuna sambusa.

Ni yeye mwenyewe aliyemleta 3107 kikaoni. Wiki hiyo hakuwa na jambo lingine la kujivunia. Namba za maombi zilikuwa zimelala, mkurugenzi alikuwa ameanza kuuliza stoo inakula umeme kiasi gani, basi Tarakimu akaandika kwenye taarifa yake: "Mgeni mwenye hamu ya hali ya juu." Aliona kweli kwamba mtu mwenye hamu ya kazi angeangalia mshahara walau mara moja. Aliliona hilo, akalipita, kwa sababu pale hakuna aliyelipwa kwa kuuliza maswali.

"Picha ya huyu binti wa kwanza ndiyo inayomvuta," alisema, akaionyesha ukutani. Msichana wa miaka ishirini na mmoja, sare ya buluu, mikono ameifumbata mbele, macho ameyakaza kwenye kamera.

"Mtu anakodolea picha dakika ishirini na mbili!" Mkurugenzi alicheka. "Mke wangu hajawahi kunitazama hivyo hata siku ya harusi."

Watu sita wakavunjika mbavu. Kucheka vichekesho vya mkurugenzi ilikuwa sehemu ya kazi, na ndiyo sehemu waliyoifanya kwa bidii zaidi.

"Huyo ni wetu," mkurugenzi akaendelea. "Bado kidogo tu. Mfuateni."

Kumfuata mtu kulikuwa na utaratibu wake. Kila aliyewahi kufungua tovuti yao, tangazo lilimwandama popote alipokwenda mtandaoni. Akisoma habari, lipo. Akiangalia kama mvua itanyesha, lipo. Tarakimu alipendekeza wajaribu picha mbili, maana kwenye faili la mpiga picha kulikuwa na nyingine ya binti yule yule, ya siku ile ile, iliyopigwa dakika tatu baada ya ile ya kwanza. Humo ameangalia pembeni, anacheka jambo aliloambiwa na mtu asiyeonekana. Nusu ya watu waonyeshwe ya kwanza, nusu ya pili, na itakayobofywa zaidi ndiyo ibaki. Mashine iliwagawa watu yenyewe. 3107 aliangukia upande wa pili.

Wiki mbili baadaye picha ya pili ilikuwa imeiacha ya kwanza mbali sana. Maombi yaliongezeka karibu mara mbili. Mkurugenzi alimvika Tarakimu kilemba cha ukoka mbele ya wote, akamwita mchawi wa namba, akasema mkataba unaandikwa. Kiti hakikurudi.

Alhamisi, saa tano hivi, dada wa mapokezi akaja kuchungulia stoo.

"Kuna mama hapo mbele kagoma kuondoka. Anamtaka mtu wa picha. Si ndiyo wewe?"

"Mimi mtu wa takwimu."

"Ndiyo hao hao. Njoo umtoe, mkurugenzi anarudi sasa hivi."

Mama alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, kama anaogopa kulichafua. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni mpaka kwenye kucha. Alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya kulala wageni, huko kwenye mji wao, na tangu jana mchana alikuwa safarini. Pembeni yake alikaa msichana mwembamba aliyevaa viatu vya mtu mwingine, vinampwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeziweka hizi?"

Akamnyooshea simu yenye kioo kilichopasuka. Chini ya habari ya mafuriko, juu ya tangazo la viatu, binti wa sare ya buluu alikuwa akicheka na mtu wa pembeni.

"Huyu ni wangu. Mkubwa," mama alisema. "Huu mwezi wa tisa simu yake haipatikani. Nimepiga hapa kwenu, nikaambiwa niandike malalamiko. Nikaandika. Wakanijibu yamepokelewa. Nikaandika tena, yakapokelewa tena. Basi ikawa kila alfajiri, kabla sijaenda kufua, naifungua ile picha yake mliyoiweka. Nyumbani hatuna nyingine, simu yenye picha zake aliondoka nayo. Alfajiri mtandao unakuwa mwepesi kidogo. Namtazama tu, namweleza ya nyumbani, halafu naenda kazini."

Tarakimu akamkumbuka mgeni 3107. Alfajiri. Mji mdogo. Dakika ishirini na mbili.

"Sasa majuzi," mama akaendelea, na sauti ikachangamka, "akaanza kunifuata. Nafungua habari, huyu hapa. Naangalia hali ya hewa, huyu hapa. Na si ile picha, mwanangu. Ile alikuwa amekaza macho. Hii anacheka. Nikamwambia mdogo wake, dada yako kapigwa picha mpya. Mtu akipigwa picha mpya si yu hai?"

Mdogo mtu aliinamisha uso, akajikuna goti. Tarakimu aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Mgeni mwenye hamu ya hali ya juu," aliandika hivyo kwa mkono wake, akapigiwa makofi.

"Nisubirini kidogo, mama," alisema, akarudi stoo.

Faili la binti lilikuwa na mistari michache. Hali: amesafiri. Simu ya mwajiri: haipatikani. Malalamiko ya familia: manne, yamepokelewa. Faili: limefungwa. Mtu fulani mwenye mkataba na kiti cha kuzunguka alikuwa amepiga ile namba mara moja tu, ikamshinda, akaenda kula. Tarakimu alitafuta kote, hata kwenye barua zilizofutwa, hakuona kingine.

Alimkuta mkurugenzi kwenye korido, anaingia na funguo za gari mkononi.

"Bosi, kuna mama hapo mbele. Binti yake ndiye wa tangazo letu. Anadhani picha ya pili ni mpya. Zote mbili zilipigwa hapa hapa stoo, siku moja kabla binti hajaondoka. Miezi tisa hatujui yuko wapi."

"Nani kamwambia ni mpya?"

"Hakuna. Kaona mwenyewe."

"Basi hakuna aliyemdanganya."

"Lakini hatuna uhakika kama yu hai."

"Una uhakika kama amekufa?" Mkurugenzi alimtazama kwa macho makavu. "Eh? Niletee ushahidi kwamba amekufa. Huna. Tarakimu, mimi nipe namba, hadithi kamsimulie bibi yako. Mama wa watu kafurahi, wewe unataka aangue kilio mapokezi, waombaji wakimwona?"

"Tungemwambia tu kwamba—"

"Mkataba wako uko mezani kwangu. Umebaki kusainiwa." Akashusha sauti, akawa mpole ghafla. "Mwanao vipi, kile kifua?"

Miezi minane hakuwahi kumuuliza habari za mtoto. Kumbe alikuwa anajua yote, amejiwekea akiba ya siku kama hii. Tarakimu alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na kinywa chake kikajibu, "Anaendelea vizuri, bosi."

Mkurugenzi aliingia mapokezi ametandaza mikono yote miwili.

"Mama yangu! Karibu sana, hapa ni kwako. Jamani, wageni hawajapewa hata soda?"

Soda zikaletwa. Mama hakuigusa yake. Aliinua simu.

"Mkurugenzi, naomba uniambie kitu kimoja tu, nirudi nyumbani. Picha hii ni ya lini?"

Mtu mwingine angeona aibu. Mkurugenzi alitabasamu, akajitoa kwenye swali polepole bila kuacha alama.

"Mama, mambo ya picha nikikujibu mimi nitakudanganya. Mtaalamu wetu huyu hapa. Muulize yeye."

Wote wakageuka. Dada wa mapokezi aliacha kuandika. Mama alisogea mpaka ukingoni kabisa mwa kochi.

"Haya, mwanangu, niambie wewe. Ni ya lini?"

Tarakimu alikuwa na jibu. Alijua tarehe, saa na dakika, na alishaona kwenye picha nyingine za faili lile kwamba ndoo za deki zilisogezwa zisionekane nyuma. Alifikiria mito miwili ya mtoto wake. Mkurugenzi alikuwa ameegemea kaunta, anazungusha funguo kwenye kidole, wala hakuwa na haraka.

"Mwezi uliopita, mama," alisema.

Mama alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yakamtikisika, na kilio chenyewe kilikuwa kidogo sana, cha mtu aliyezoea kulia bila kusumbua wengine. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akaushika mkono wa Tarakimu akaubana.

"Mungu akuzidishie. Una mtoto?"

"Ninaye, mama. Wa kike."

"Akukulie."

Tarakimu alitaka kuuchomoa mkono, akashindwa.

"Na huyu naye?" Mkurugenzi alikuwa ameshahamia kwa mdogo mtu. "Binti, una miaka mingapi?"

"Kumi na minane. Nimetimiza mwezi uliopita."

"Huyu kanisumbua mwaka mzima anataka kwenda," mama alisema huku anacheka na machozi hayajakauka. "Nilimkatalia. Nikamwambia hutoki mpaka dada yako apatikane."

"Na dada si ndiyo huyo?" mkurugenzi akasema kwa upole.

Mama aliitazama simu. Akamtazama mwanawe mdogo, na vile viatu. Tarakimu akaomba ndani ya moyo wake mama aseme hapana. Aliomba kwa nguvu, na hiyo ndiyo ilikuwa juhudi yake yote.

"Watakuwa pamoja huko?" mama aliuliza.

"Tutajitahidi, mama yangu. Nafasi bado zipo. Tarakimu, mjazie binti fomu."

Alileta tableti. Msichana alijibu upesi upesi, kama anaogopa mama atageuza mawazo. Miaka. Elimu. Uzito. Anajua kupiga pasi? Anajua. Ana ugonjwa wowote? Hana. Ana ndugu aliyekwisha kusafiri na kampuni hii? Anaye. Mkurugenzi alisimama nyuma ya Tarakimu, akisoma juu ya bega lake, marashi yake yamejaa mahali pote. Mwishoni fomu iliuliza swali ambalo Tarakimu mwenyewe aliliongeza mwezi ule, ili kujua matangazo yapi yanaleta watu: umetufahamu kupitia nini?

"Andika kupitia dada yake," mama alisema.

Hapakuwa na nafasi ya kuandika dada. Palikuwa na redio, rafiki, bango na tangazo la mtandaoni, na fomu ilikataa kwenda mbele mpaka kimojawapo kichaguliwe. Tarakimu alibofya tangazo la mtandaoni. Fomu ikauliza tangazo lipi, ikafungua picha mbili, moja kando ya nyingine. Kidole chake kilisimama hewani.

"Hiyo hapo, mwanangu, anayocheka," mama alisema. Aliinama juu ya tableti, akaugusa uso wa binti yake kwa kidole kilichobabuka, taratibu, na fomu ikakubali.