Hoteli Isiyofikiwa na Filimbi

Siku ya ishirini na nane hotelini ilipofika, Raylene alipakia tena maisha yake na ya babu yake katika mifuko minne myeusi. Hoteli za mji wa Kissimmee ndivyo zilivyo: ukizidisha hapo sheria inakuhesabu mpangaji, hufukuzwi bila mahakama, na meneja gani anataka mpangaji? Unatimuliwa mapema, kwa tabasamu.

Watalii hulinganisha hoteli kwa bwawa la kuogelea na umbali wa kufika kwenye Bustani ya michezo. Raylene alilinganisha kwa ngazi na filimbi. Ngazi, kwa sababu babu yake, Mzee Orville, siku hizi hata kufunga viatu kulimwacha akihema. Filimbi, kwa sababu mzee aliendesha treni ya mvuke ya Bustani miaka thelathini na mmoja, na mpaka filimbi yake isikike treni ikiondoka kituoni saa tatu asubuhi, uji hali, dawa hamezi.

"Haya babu, ripoti. Hoteli ya Flaminga: filimbi inasikika mpaka chooni. Lakini chumba kiko ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa wewe ukiwa na nywele."

"Basi imekufa zamani."

"Kiota cha Pelikani: chumba cha chini, ukuta hauna kuvu. Nyota tano na nusu."

"Na filimbi?"

Jana yake Raylene alikwenda kusimama pale saa tatu kamili. Alisikia malori tu.

"Inasikika," alisema. "Kwa mbali."

Wakahamia Pelikani. Asubuhi mzee aliketi kitandani na kofia yake ya kazi kichwani, sikio kalielekeza dirishani. Raylene akachukua ndoo, akaaga kwamba anafuata barafu kwenye mashine ya hoteli. Akazunguka nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka, akapuliza mdomo wa chupa ya soda: ndefu, ndefu, fupi, ndefu.

Aliporudi, mzee alikuwa anakoroga uji.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Dereva mgeni huyo. Kuondoka kituoni ni fupi mbili. Yeye kapiga ya kuvuka barabara, ya kuwaambia watu wakae kando."

"Nitampelekea malalamiko."

"Mwambie pia ananuka mapipa." Mzee akaitazama ndoo. "Na barafu iko wapi?"

Raylene akaisukuma ndoo tupu nyuma ya mlango. Mzee akala uji wote.

Tangu hapo zikawa fupi mbili kila asubuhi, na kila asubuhi babu alikuwa na kasoro ya kumsomea dereva: kachelewa, kakosa pumzi, ana haraka ya nini. Siku ya kumi na tisa Raylene alirudi akiisubiri kasoro yake. Uji ulikuwa umepoa. Kofia ilikuwa imeangukia kifuani kwa mzee, na kifua hakikuwa kikipanda.

Alimwita mara mbili. Alimfunga kamba za viatu.

Kisha akachukua chupa, akarudi kwenye mapipa, akapuliza: ndefu, ndefu, fupi, ndefu.