Jumatatu Kijani, Ijumaa Manjano

Daktari wa meno aliingia dukani Jumatatu asubuhi akiwa ameizungushia pete uzi ili isimponyoke kidoleni. Ilikuwa ya bibi yake, aliyefariki mwezi uliopita, na alitaka ipunguzwe.

Sonara aliipokea kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita; karakana ile aliachiwa na mumewe. Almasi zilizopita mikononi mwake zilikuwa nyingi, lakini zote nyeupe. Hii ilikuwa ya kijani, kijani kilichopoa, kama cha zeituni.

"Shemeji, hebu njoo uone!" aliita.

Mdogo wa marehemu mumewe alitoka chumba cha nyuma akijifuta mikono. Sonara alishughulika na dhahabu, shemeji akapachika mawe. Hivyo ndivyo walivyoendesha maisha kwa miaka tisa. Akabana lensi jichoni, akaigeuza pete huku na huku hadi daktari akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Marehemu bibi yako alijua amevaa nini?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Alikuwa haivui hata akilala. Kwani vipi?"

"Almasi nyeupe, mama, unaagiza leo unachagua kama viatu. Iliyozaliwa na rangi yake ni moja katika maelfu, na nyingi ya hizo ni kahawia tu au manjano hafifu. Kijani! Kuna watu wa kazi hii wamestaafu hawajaishika."

Akaiandika kwenye kitabu cha mapokezi. Ndani ya jiwe mlikuwa na kovu dogo mfano wa unyoya, karibu na ukucha wa tatu wa dhahabu unaolishika jiwe. Akalichora hapo pembeni. Daktari aliambiwa arudi Ijumaa saa kumi, kwa kuwa gesi ya kulehemia ilikuwa imeisha. Alipokwisha kutoka, shemeji aliilaza pete kiganjani mara ya mwisho, akasema nusu kwa utani, "Kitu kama hiki mtu anabadilisha maisha yake."

Sonara alicheka. Pete ikaingia kwenye kijisanduku, kijisanduku kikaingia kwenye sefu. Funguo za sefu zilikuwa mbili, moja yake, moja ya shemeji.

Mtungi wa gesi uliletwa Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi sonara alifika wa kwanza, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafungua sefu na kukifunua kijisanduku.

Jiwe lilikuwa la manjano.

Alikifunika haraka, kana kwamba ameona asichopaswa kuona. Akasimama ameshika ukingo wa sefu. Akafunua tena. Manjano, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Akakirudisha ndani na kufunga.

Kwanza alijiambia ni macho. Kisha, bila kutaka, akaanza kukumbuka. Jumatano shemeji alibaki karakanani baada yake, akidai ana kazi ndogo ya kumalizia. Wiki mbili hizi simu yake ikiita, anatoka nje kuipokea, na akirudi anatabasamu peke yake. Juzi alikuja na shati jipya. Na ile kauli yake ya Jumatatu, ambayo yeye aliicheka kama mjinga!

Kadiri alivyowaza ndivyo kila kitu kilivyojipanga. Nani angejua kupata jiwe lenye umbo lilelile? Nani angeling'oa na kupachika jingine bila kuacha mkwaruzo?

Akaenda kwenye meza ya shemeji, akavuta droo. Miaka tisa hakuwahi kuigusa. Chini ya koleo na brashi palikuwa na pamba, na ndani ya pamba pete nyembamba ya dhahabu, ya kike, kiti chake cha kito kikiwa kitupu.

Ndipo shemeji alipoingia. Akamwona amesimama pale, droo wazi, pete mkononi.

"Umeamkaje, shemeji?" alisema taratibu.

"Jiwe la daktari liko wapi?"

"Si liko kwenye sefu?"

"Kilichomo kwenye sefu ni cha manjano. Usinifanye mtoto! Umelitoa, na hapa umeshaliandalia makao."

Alitegemea angepiga kelele, au angekimbilia kiapo. Shemeji hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta kiti, akaketi, akaitazama ile pete mkononi mwa sonara kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

"Hiyo naitengeneza mimi, kwa dhahabu yangu," alisema. "Kuna mwalimu mmoja nataka kumchumbia. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia. Unajua maneno ya ndugu, kwamba ningekurithi wewe. Niliona aibu."

Sonara alisikia, lakini moyo ulikwisha kuwa mgumu. "Na jiwe?"

"Lilete. Lete na kitabu."

Aliwasha taa yake kali ya mezani. Akakiweka kijisanduku chini ya mwanga, akakifungua, na yeye mwenyewe akashtuka. Lilikuwa la manjano kweli. Akabana lensi, akaigeuza pete polepole.

"Ukucha wa tatu," alisema, akimpa lensi. "Angalia mwenyewe. Nisije nikaambiwa nimekudanganya."

Sonara aliinama. Unyoya ulikuwepo, mkunjo kwa mkunjo kama ulivyochorwa kitabuni. Hakuna jiwe linalofanana na lingine kovu. Hilo alilijua kabla ya shemeji huyu kuanza kazi, na asubuhi yote halikumpitia kichwani.

"Basi rangi imekwenda wapi?" aliuliza.

Shemeji alimwonyesha kwa kidole. Alikuwa amelikodolea macho jiwe. Pale chini ya taa, kuanzia pembeni, manjano yalikuwa yakififia, na kijani kikipanda taratibu kama maji yanayojaa kwenye kikombe. Baada ya dakika chache ilikuwa pete ileile ya Jumatatu.

Walimpigia simu mzee mmoja mpimaji wa vito. Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni kinyonga! Ukiifungia gizani siku kadhaa inageuka manjano, na ukiipasha moto vilevile. Ikipata mwanga inarudi. Mimi katika maisha yangu nimeziona mbili. Mwambieni mwenye mali akae nayo vizuri."

Saa kumi, pete ikiwa imeshapunguzwa, daktari alielezwa yote, isipokuwa habari ya droo. Hakushangaa sana. "Bibi alikuwa akisema pete hii ukiifungia inanuna," alisema, akajivika na kuunyoosha mkono. Ilimkaa sawasawa.

Alipoondoka, sonara alisema, "Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe," alijibu, na alikuwa mkweli. Lakini tangu siku ile akawa hafungui sefu hata akiombwa. "Fungua wewe," alikuwa akisema, kwa adabu, akisubiri mlangoni. Kabla ya mwezi kuisha aliaga. Alipata nafasi kwenye duka la mtaa wa pili, na watu walipouliza alisema anataka kujitegemea.

Mwaka uliofuata sonara aliletewa almasi ya waridi, ndogo kama punje ya mtama, ya kupachikwa kwenye pete ya harusi. Fundi mpya aliiogopa. Sonara mwenyewe alijua mtu mmoja tu ambaye angemkabidhi, akajitanda mtandio na kwenda.

Shemeji alimpokea vizuri. Akauliza hali za watoto wa sonara, naye akaulizwa za mkewe na mtoto mchanga. Akalipeleka jiwe kwenye mwanga, uso ukamchangamka, na kwa dakika ile walikuwa kama zamani.

"Nitakuachia, nije kesho," sonara alisema, akiinuka.

"Hapana, shemeji." Alimsogezea kigoda karibu na meza, karibu kabisa, mahali ambapo mikono yake yote miwili ilionekana. "Kaa hapa mpaka nimalize. Uone kila kitu."

Sonara alikaa. Kazi ilichukua saa mbili, na hakuthubutu kutazama pembeni.