Isale la Mama

Mama aliniita jikoni kwake Kibosho, akaniwekea jani la isale kiganjani. "Mtafutie mdogo wako Stanley kazi ya vyuma huko Moshi."

Ningekataaje? Kwetu Uchagani ukiombwa kwa isale hukatai, hata anayekuomba awe amekuulia ndugu. Nafasi ilikuwepo. Nilijua imetokana na nini, nikanyamaza kama mjinga.

Sasa ukungu umeshuka kutoka mlimani, vyuma vimelowa, na Stanley anatembea juu ya bimu ya chuma, ghorofa ya nne ya jengo tunalojenga, kama anakwenda kanisani. Mkanda amevaa, lakini kamba yake inaning'inia tu.

"Funga kamba, we mpumbavu!" napiga kelele kutoka chini. Anacheka.

Msimamizi anakuja kusimama kando yangu, anamtazama.

"Mwepesi huyu," anasema. "Kumshinda hata Gabriel."

Gabriel aliteleza kwenye bimu hiyohiyo. Tulimzika wiki iliyopita.

Macho yangu yako kwenye viatu vya Stanley.

"Huna ndugu mwingine wa kuniletea?" ananiuliza.